Wageni Watoke Kabla ya Jumamosi

Mchungaji alikuwa amefika pale anapowaombea wenye njaa duniani kote, na chapati zilikuwa zinapoa, ndipo tandu alipotoka chini ya kitambaa cha meza na kuanza safari kuelekea bakuli la nyama. Alikuwa mwekundu, mrefu kama kidole cha kati cha mtu mzima, na alitembea bila haraka, kama diwani anayekagua barabara aliyoahidi. Macho yote yalikuwa yamefumbwa isipokuwa jicho moja la Bilhah, mama mwenye nyumba. Bilhah hufumba jicho moja tu wakati wa maombi. La pili hulinda vyombo.

Hakupiga kelele. Alichukua kofia ya mchungaji iliyokuwa juu ya stuli, akamfunika nayo tandu, akaikandamiza kwa ngumi na kusema "Amina!" kwa sauti kubwa, mapema kuliko ilivyopangwa mbinguni. Mchungaji, akidhani mama wa watu ameguswa, alitiwa nguvu akaongeza maombi ya wajane. Baada ya chakula alivaa kofia yake akaenda zake. Hakuna aliyemwambia amebeba nini.

Mgeni alipotoka tu langoni, Mzee Kiptanui aliitisha kikao cha dharura cha nyumba yake. Mzee Kiptanui alikuwa na vyeo viwili: mzee wa kanisa na mwenyekiti wa kituo cha kununulia majani chai. Pia alikuwa na nyumba ya mawe nje kidogo ya Sotik, ambayo kwake ilikuwa cheo cha tatu. Kikao kilihudhuriwa na Bilhah, mkewe, na Nelvine, binti yao, aliyekuwa amechukua likizo ofisini kwake Kericho kwa sababu Jumamosi hiyo wazazi wa mchumba wake walikuwa wanakuja kuposa.

"Sikieni," alisema Mzee. "Hiyo kitu isitajwe kwa jina hapa. Jirani yetu ako na masikio. Akisikia tandu leo, Jumapili kanisa yote imejua. Na watu wa Ouko wakisikia, nitaweka uso wangu wapi?"

Swali lilikuwa la haki. Ouko, mchumba wenyewe, alikuwa fundi katika kiwanda cha chai, mzaliwa wa laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizoshikana ukuta kwa ukuta kama meno. Siku alipokuja kujitambulisha, Mzee alimwuliza kama ni kweli laini zina wadudu. Ouko alijibu, "Kiasi, mzee." Naye Mzee akasema, huku akitazama dari yake mwenyewe kwa upendo, "Msichana wangu hajazoea wadudu."

"Sasa tutaita nini?" aliuliza Bilhah.

"Wageni," alisema Mzee. "Ukiona mmoja, sema kuna mgeni. Nani atashangaa mwenyekiti kuwa na wageni?"

Ilikuwa hekima kubwa.

Asubuhi iliyofuata Mzee aliingia Sotik, katika duka la dawa za kilimo la Mochama. Mguu wake wa kulia ulikuwa ndani ya kiatu cheusi kilichong'arishwa. Wa kushoto ulikuwa ndani ya sandali ya mke wake, kwa kuwa mgeni mmoja alikuwa amejipatia malazi katika kiatu cha kushoto na hakupenda kuamshwa.

"Nataka dawa," alisema Mzee. "Si yangu. Kuna rafiki yangu anasumbuliwa na jongoo."

"Jongoo haina shida, mzee. Anajikunja tu. Mwambie afagie."

"Hii inauma."

"Basi hiyo ni tandu. Inauma sana?"

"Sana! Yaani, rafiki yangu anasema sana."

Mochama aliinama juu ya kaunta, akaitazama sandali, ambayo ilikuwa na ua la plastiki la rangi ya waridi. Akakitazama na kidole gumba kilichokuwa kimevimba juu ya lile ua. "Na rafiki yako anavaa sandali namba ngapi?"

"Mochama, uza dawa."

Mochama aliuza. Aliuza chupa ya dawa ya kunyunyiza, aliuza unga wa kumwaga mlangoni, na kwa vile mteja alikuwa anatazama nje asije akaonekana, aliuza pia dawa ya minyoo ya ng'ombe.

"Hii nayo ni ya nini?"

"Hiyo ni ofa, mzee."

"Kwa hivyo ni ya bure?"

"Ofa si bure. Ofa ni ofa. Halafu mwambie rafiki yako atoe vitu ziko na unyevu kwa nyumba. Hawa wanapenda mahali kuna joto na maji maji, mahali hakuna mtu anawasumbua."

Lakini Mzee alikuwa tayari nje, akichechemea kwa heshima.

Vita vikaanza. Kuni zilizokuwa zimepangwa ukutani, matawi ya chai iliyokatwa msimu uliopita, zilihamishwa mpaka kwenye ua. Mzee alijifunga mgongoni pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe, akanyunyiza vyumba vyote mpaka picha ya harusi ikatokwa na machozi. Mavi makavu ya ng'ombe yalichomwa ndani ya karai, moshi ukajaa, familia ikatoka nje ikikohoa, wageni wakabaki ndani. Bilhah akaingiza kuku sebuleni. Kuku hula tandu, hilo ni kweli. Lakini kuku hawaishii kula tu. Walipotolewa, Nelvine alifua vitambaa vya meza mara mbili.

Mahali pamoja tu hapakuguswa. Sebuleni palikuwa na seti ya makochi iliyonunuliwa kwa bonasi ya chai ya mwaka jana, na makochi hayo yalikuwa bado ndani ya nailoni ya dukani. Watu wa nyumba hii walikaa kwenye stuli na kuyatazama.

"Mama, toa hiyo nailoni," alisema Nelvine. "Ona vile ndani imetoa jasho. Hapo ndipo wako."

"Nailoni itatoka siku tutapata wageni wa maana."

"Wageni gani?"

"Wageni watu, Nelvine! Usinichanganye."

Na kwa sababu jasho la nailoni lilikuwa linaonekana, Bilhah alilifunika kwa kitambaa kilichofumwa maua ya manjano. Siku ya Alhamisi aliona kitu kikipita chini ya ile nailoni, karibu na mkono wa kochi, miguu mingi ikienda kwa zamu kama vidole juu ya kinanda. Bilhah alitazama kushoto, akatazama kulia, akaongeza kitambaa cha pili.

Simu ya Mzee Kiptanui ilikuwa imekufa sikio. Ilibaki na spika peke yake, kwa hiyo kila aliyezungumza naye alizungumza na kijiji. Alhamisi hiyohiyo mchana, Mzee alikuwa kituoni akisimamia foleni ya wakulima waliosubiri kupimiwa majani. Juu ya lori, kwenye mizani, alikuwa Maxine, karani wa kiwanda, msichana mwenye kalamu sikioni na asiyedanganyika kuhusu majani yaliyolowa. Simu ikalia.

"Baba Nelvine!" Sauti ya Bilhah ilijaa kituo kizima. "Wageni wamerudi!"

"Wangapi?"

"Nimeona watatu! Moja mkubwa ametoka bafuni akaingia chumba yetu ya kulala kama ni kwao!"

"Hawana haya hao. Umewafanyia nini?"

"Nimewapiga moshi, hawatoki!"

"Chemsha maji, wamwagie!" Mzee alikuwa amepandwa na hasira ya siku nne na kidole kimoja. "Nisikie vizuri, Mama Nelvine. Wageni watoke kabla ya Jumamosi. Asibaki hata mmoja. Tumewavumilia ya kutosha!"

Alikata simu. Juu ya lori, mkono wa Maxine ulikuwa umesimama juu ya mizani.

Mzee mwenzake aitwaye Kiplimo, mkulima mwenye kofia pana na maoni mapana zaidi, alitoka kwenye foleni akaja kumshika mkono. "Mwenyekiti, umesema. Sisi wengine tunaogopa tu."

"Kumbe hata wewe wamekuingilia?" Mzee alifarijika sana.

"Wako kila mahali! Maduka ya Sotik wamejaa, kiwanda wamejaa."

"Kiwanda pia?" Mzee alishtuka, hilo hakuwa amelifikiria. "Hiyo ni hatari. Wataingia kwa majani."

"Walishaingia, mwenyekiti! Sasa wanataka kuoa wasichana wetu."

Mzee alijaribu kuwaza tandu akiwa amevaa suti ya harusi. Alishindwa, na katika kushindwa huko maana ikamfikia, polepole, kama maji ya baridi yanayoshuka mgongoni. Akainua macho. Maxine alikuwa anamtazama. Maxine alikuwa binamu yake Ouko, aliyezaliwa katika laini zilezile, na wazazi wake walikuwa wamekuja kutoka upande wa ziwa kabla yeye hajazaliwa. Katika maisha yake yote hapa, aliitwa mgeni kila mwaka wa kura.

Ilitosha kusema tu kwamba anazungumzia tandu. Maneno yalifika mpaka ulimini. Lakini foleni nzima ingejua kwamba nyumba ya mwenyekiti ina wadudu. Mzee aliyaweka mambo mawili kwenye mizani ya moyo wake, kuitwa mtu wa wadudu au kuitwa mtu wa chuki, na mizani hiyo, ambayo haikuwa imekaguliwa kwa miaka mingi, ilimwonyesha kwamba chuki ina heshima zaidi kidogo. Akakohoa.

"Tupime majani," alisema. "Mvua inakuja."

Habari ilifika laini kabla ya lori kufika kiwandani. Quinter, mamake Ouko, aliipokea akiwa anasonga ugali, na mwiko ukasimama wenyewe ndani ya sufuria.

"Maji moto, Joab," alimwambia mumewe. "Maxine amesikia na masikio yake. Atatumwagia maji moto."

Joab alikuwa fundi mkuu wa mashine za kukausha majani, mtu mpole aliyezoea kelele. Alitazama nyuma ya mlango. Hapo palikuwa na begi lenye vyeti vya watoto, blanketi mbili na picha ya mama yake. Begi hilo hufungwa kila mwaka wa kura, tayari kwa kukimbia, na baada ya kura kila mtu husahau kulifungua.

"Nimezaa watoto wangu wote hapa," alisema Quinter. "Kitovu cha Ouko kiko nyuma ya hii nyumba. Lakini bado ni mgeni tu."

Ouko aliingia mbio na simu mkononi. "Mama, ngoja. Nimeongea na Nelvine. Anasema ni tandu."

"Nani ni tandu?"

"Wageni. Wakisema wageni, wanamaanisha tandu."

"Umesikia, Joab?" Quinter alipiga makofi mara moja. "Mwanzo tulikuwa wageni. Sasa tumekuwa tandu!"

"Mama, tandu wa kweli! Wadudu! Wako nao ndani ya nyumba!"

"Ile nyumba ya mawe? Ile yenye baba yake alikuuliza kama sisi tuko na wadudu?" Quinter akarudi kwenye ugali wake. "Uongo nao uwe na adabu."

Joab ndiye aliyemaliza shauri. "Jumamosi tutaenda," alisema. "Mzee atanionyesha hiyo tandu. Nikiiona na macho yangu, tutaongea mambo ya ng'ombe. Nisipoiona, Ouko, hiyo nyumba hutarudi tena. Mimi siwezi kupeleka mtoto wangu kwa watu wanachemsha maji."

Ijumaa, Bilhah alisimama katikati ya sebule akiwa ameshika ufagio kama bunduki na kutangaza ushindi. "Wamekwisha! Nimeinua kila kitu. Hakuna hata mmoja!"

Kila kitu, isipokuwa kimoja. Nelvine, aliyekuwa anasoma ujumbe wa Ouko, aliketi chini sakafuni.

"Hata mmoja?"

"Hata mguu."

"Basi nimeachwa," alisema Nelvine, akawaeleza.

Bilhah aliweka ufagio chini taratibu. Mzee alizunguka chumba. "Kwa hivyo nimwambie Joab nyumba yangu ilikuwa na tandu? Mimi, mwenye nilimwambia mtoto wake maneno ile?"

"Baba, afadhali tandu."

"Nitasema ilikuwa panya."

"Panya ina heshima gani kushinda tandu?"

"Panya kila mtu ako nayo!"

"Baba," alisema Nelvine, na sauti yake ikawa ndogo, "walikuwa wananunua vitenge vya kufanana. Mamake Ouko alinitumia picha nichague rangi."

Mzee alitoka nje kuangalia ng'ombe ambao walikuwa wazima kabisa.

Jumamosi asubuhi, Nelvine alionekana shambani akiwa amevaa gauni la sherehe na gambuti, akigeuza mawe kati ya michai kutafuta hata tandu mmoja, huku ameshika chupa tupu ya jamu. Dawa ya Mochama, kwa mara ya kwanza katika historia ya duka lile, ilikuwa imefanya kazi. Alipata konokono. Alipata jongoo. Akasikia mlango wa gari ukifungwa, akarudi na jongoo.

Wageni, yaani watu, waliingia: Joab na koti lake la kanisani, Quinter na kitambaa kipya kichwani, Ouko na uso wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani aliousahau. Meza ilikuwa na chai, nyama, na kibuyu cha mursik, maziwa ya mgando yaliyotiwa majivu ya mti, ambayo Bilhah alikuwa ameyatunza kwa siku hii.

"Karibuni, karibuni," alisema Mzee. "Kaeni kwa kochi."

Hakuna aliyekaa. "Sikukuja kukaa bado," alisema Joab. "Mzee mwenzangu, nilisikia uko na wageni wa kumwagiwa maji moto. Mtoto wako anasema ni tandu. Nimekuja kuona."

Mzee alitazama ukuta. "Ilikuwa panya," alisema.

Papo hapo Nelvine aliingia na chupa. "Hii hapa!"

Joab aliipokea chupa, akaigeuza kwenye mwanga. "Hii ni jongoo, binti. Jongoo haumi mtu. Hakuna mtu anachemshia jongoo maji."

"Panya, jongoo, tandu," alisema Quinter. "Tukingoja kidogo itakuwa ndovu. Joab, twende nyumbani."

Joab aliirudisha chupa mezani kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Aligeuka. Ouko alimtazama Nelvine. Nelvine hakumtazama baba yake. Alimtazama mama yake, kisha akatazama vile vitambaa viwili vya maua ya manjano.

Bilhah alikuwa amelinda kochi lile kwa miezi mingi. Watoto wa jirani waliwahi kufukuzwa kwa kulisogelea tu. Alilitazama kama mtu anavyomtazama ng'ombe wa kuchinjwa. Kisha akachukua kisu cha nyama.

"Yesu!" alisema Quinter, akaruka nyuma.

"Ngojeni," alisema Bilhah. Akaondoa vitambaa, akadunga nailoni, akaipasua kutoka mkono mmoja hadi mwingine. Ililia kwa uchungu. Harufu ya unyevu ilitoka, harufu ya gunia lililosahaulika kwenye mvua. Akainua mto.

Pale chini, kwenye kitambaa kilichooza, tandu mkubwa alikuwa amejikunja kama bangili, na ndani ya bangili hiyo walijaa watoto wadogo weupe, wakifurukuta. Hakukimbia. Aliinua kichwa tu, kama mama aliyefunguliwa mlango bila hodi.

Mzee Kiptanui alivua kofia. "Ni tandu," alisema. Sauti haikuwa ya mwenyekiti. "Nyumba yangu ina tandu. Niliona haya kusema. Pale kituoni Kiplimo alinielewa vibaya, na mimi... mimi nikamwachia aelewe hivyo."

Joab alisogea, akainama, mikono nyuma. Alitazama kwa muda.

"Huyu amezaa hapa," alisema.

"Ndiyo."

"Hawa watoto wote wamezaliwa hapa."

"Ndiyo, mzee mwenzangu."

"Na bado mnamwita mgeni."

Hata kuku nje walinyamaza, au hivyo ndivyo Bilhah alivyosimulia baadaye. Kisha tandu akafunguka na kushuka kuelekea suruali ya Joab, na Joab, fundi mkuu, akawa juu ya stuli bila mtu kuona alivyofika. "Lakini huyu ueni!" alipiga kelele. "Huyu ueni!" Quinter ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka mpaka kitambaa kipya kikamtoka kichwani, na Mzee Kiptanui, kwa kiatu chake kilichong'arishwa, akafanya kazi iliyobaki.

Waliongea mambo ya ng'ombe wakiwa wamekaa kwenye stuli. Joab hakusumbua kuhusu idadi. Aliweka sharti moja tu. "Jumatatu utasema," alisema, "pale pale, na sauti ile ile."

Jumatatu foleni ilikuwa ndefu, kwa sababu mvua ilikuwa imenyesha vizuri. Mzee Kiptanui alisimama kando ya lori. Alijaribu kuanza mara mbili. Mara ya tatu alitazama juu, akamwona Maxine ameweka kalamu chini na kukunja mikono.

"Watu wa kituo," alisema Mzee, kwa sauti ya spika. "Ile siku ya simu, wageni nilikuwa nasema ni tandu. Wadudu. Nyumba yangu ilikuwa na tandu, bafuni, chumba cha kulala, mpaka ndani ya kochi. Sikuwa nasema watu. Na nilipojua mmefikiri ni watu, nilinyamaza. Hiyo ndiyo mbaya kuliko tandu."

Foleni ililipuka kwa kicheko. Mzee alisimama ndani ya kicheko hicho kama ng'ombe ndani ya josho, macho mbele, akingoja kifike mwisho. Kiplimo peke yake hakucheka. Alikuwa na uso wa mtu aliyevaa vizuri kwenda kwenye mkutano akaambiwa umeahirishwa.

"Tandu?" aliuliza.

"Tandu."

"Tandu tu?" Kiplimo alisogea karibu, akapunguza sauti. "Na wale wageni wengine, mwenyekiti?"

Mzee alimtazama Maxine. Akamtazama Kiplimo. Kidole gumba chake bado kilikuwa kinauma.

"Wale wanakuja Desemba kwa harusi," alisema, na hakupunguza sauti hata kidogo. "Wewe pia umealikwa. Lakini ubebe kiti yako, Kiplimo. Kochi tumechoma."